Kumlea Mzazi: Historia ya Arobaini na Maziwa ya Mama katika Viunga vya Dar es Salaam

Miongoni mwa desturi zilizodumu katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, ile ya kumlea mzazi, yaani kumtunza mwanamke aliyetoka kujifungua kwa siku arobaini ili apone, apate nguvu na maziwa yake yatoke kwa wingi, imetendwa na kaya nyingi mno lakini imeandikwa kwa uchache. Desturi hiyo imepita katika tawala mbalimbali, imehama kutoka vijiji vya Wazaramo hadi nyumba za kupanga za Manzese na Mbagala, imekutana na hospitali, maziwa ya kopo, janga la UKIMWI na biashara ndogondogo za mjini, na hadi leo haijatoweka. Makala haya yanaifuatilia safari hiyo na kutetea hoja moja: kwamba kilichoyafanya maziwa yawe mengi katika arobaini hakikuwa hasa kiungo kilichotiwa katika uji, bali ni mpangilio wa watu waliomzunguka mzazi, ambao walimpokonya kazi, wakamlisha, wakamtuliza na kumweka karibu na mtoto wake usiku na mchana. Uji umebaki, lakini mpangilio huo umepungua, na historia inaonyesha ulianzia wapi kupungua na kwa sababu zipi.

Mizizi ya pwani

Kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga mji wake mpya katika miaka ya 1860, mahali hapo palikuwa na kijiji cha Mzizima, na ardhi kubwa iliyoenea nyuma yake ilikaliwa na Wazaramo, wakulima ambao kwa asili walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa watu hao elimu ya uzazi haikusubiri siku ya kujifungua, kwa kuwa msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, na humo ndani alifundwa na kungwi, mwanamke mzoefu aliyepewa dhamana ya kumfundisha mambo ya mwili, ndoa, uzazi na malezi. Mtafiti wa Kifini Marja-Liisa Swantz, aliyefanya utafiti wake Bunju, pwani ya kaskazini ya eneo la Kinondoni, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu ya mila za Wazaramo mwaka 1970, alieleza jinsi unyago, yaani mafundo hayo ya wasichana, ulivyofungamanisha uzazi wa mwanamke na mti wa mkole, na vilevile na mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho mwali alikitunza kama mtoto wake. Msichana alianza hivyo kujifunza kumlea mtoto miaka kadhaa kabla ya kumpata, na wale waliomfunda ndio waliotarajiwa kuwa karibu naye siku atakapojifungua.

Juu ya msingi huo ulijengwa utaratibu wa Waswahili wa mijini, ambao ulichota pia kutoka katika Uislamu. Sheria ya dini inamwondolea mwanamke mwenye nifasi, yaani damu inayotoka baada ya uzazi, wajibu wa kuswali na kufunga, na desturi ya pwani ilizihesabu siku arobaini kuwa muda wake wa kawaida. Ama kunyonyesha kwenyewe, Qurani inataja miaka miwili kamili kwa mzazi anayetaka kutimiza. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, msomi aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika sehemu kubwa ya maelezo ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1903 kwa jina la Desturi za Wasuaheli, na humo habari za uzazi na malezi zimepewa nafasi yake sawa na habari za ndoa, safari na biashara, jambo linaloonyesha kwamba kwa watu wa zama zile kumlea mzazi kulikuwa shughuli ya jamii yenye kanuni zake na wahusika wake.

Wahusika hao walijulikana. Alikuwapo mkunga, aliyempokea mtoto na mara nyingi kuendelea kumzuru mzazi. Alikuwapo mama wa mzazi, ambaye kwa uzazi wa kwanza binti yake alirudi nyumbani kwake kujifungulia huko. Walikuwapo shangazi, mama mkwe, somo (yaani kungwi wake) na majirani, kila mmoja akiwa na zamu na kazi. Katika siku hizo mzazi hakupika, hakuchota maji, hakutwanga wala kufua, na mume hakutarajiwa kulala naye. Kazi yake ilikuwa kula, kulala na kunyonyesha.

Asubuhi ilianza kwa kukandwa. Maji yalichemshwa katika sufuria kubwa uani, mkandaji akachovya kitambaa kizito, akakikamua na kukikandamiza tumboni, kiunoni na mgongoni mwa mzazi, akirudia mpaka maji yapoe, kisha mzazi akaoga na tumbo lake likafungwa kwa khanga iliyokazwa vizuri. Hapo ndipo ulipoletwa uji wa pilipili manga. Punje za pilipili zilitwangwa kinuni, zikatiwa katika uji mwepesi, ukakolezwa kwa sukari na, kwa waliojaliwa, kwa tui la nazi, na mzazi akaunywa ukiwa wa moto kiasi cha kumtoa jasho. Maelezo yaliyotolewa na wazee juu ya mambo haya yalikuwa na mantiki moja: mwili wa mwanamke aliyejifungua umefunguka na kuingiwa na baridi, damu iliyobaki inapaswa kutoka, chango, yaani maumivu ya tumbo yanayofuata uzazi, linapaswa kutulizwa, na joto ndilo linalofanya yote hayo na papo hapo kuyafungua maziwa.

Mji wa vyungu vingi

Desturi ya Wazaramo na Waswahili haikubaki peke yake. Sensa ya mwaka 1957 iliwahesabu watu 128,742 katika Dar es Salaam, na tayari serikali ya kikoloni ya Kiingereza, ambayo iliugawa mji kwa misingi ya rangi, ilikuwa imeanza kupanua makazi ya Waafrika nje ya Kariakoo kuelekea Ilala, Magomeni, Temeke na Kinondoni. Baada ya uhuru uhamiaji uliongezeka kwa kasi, mashamba ya minazi na mikorosho yakageuka mitaa, na kufikia sensa ya mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, wakiwamo 1,775,049 wa Kinondoni na 1,368,881 wa Temeke, kabla maeneo ya Ubungo na Kigamboni hayajatengwa kuwa wilaya zinazojitegemea.

Wengi wa wahamiaji hao waliishi katika nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi mwembamba katikati, vyumba vitatu kila upande na ua wa nyuma ambamo jiko, bafu na kamba za nguo vilitumiwa kwa pamoja, na kila chumba kikapangishwa kwa familia yake. Uani ndipo elimu ya kabila moja ilipohamia kwa jingine. Mwanamke wa Kichaga aliyejifungua Tandale au Tandika alipikiwa mtori, yaani ndizi zilizochemshwa na nyama hadi zikalainika, zikapondwa na kuwa supu nzito ambayo huongezwa siagi au maziwa. Jirani yake Mzaramo aliuonja, akajifunza kuupika, na leo mtori ni chakula cha mzazi kwa watu ambao hawajawahi kuuona mlima Kilimanjaro. Wengine walileta uji wa ulezi kutoka bara, wengine supu ya kuku wa kienyeji, wengine mboga za kisamvu zilizoungwa kwa nazi na karanga, na bahari iliyo karibu ikatoa supu ya samaki na ya pweza.

Kulikuwa pia na mimea na viungo vilivyoaminiwa kuongeza maziwa. Uwatu, mbegu ndogo chungu za rangi ya manjano, ni kiungo cha siku nyingi cha biashara ya Bahari ya Hindi. Wanawake wa Kihindi na wa Kiomani wanautumia baada ya uzazi, na kupitia maduka ya viungo umefika katika majiko ya Waswahili, ambako hulowekwa usiku na kutiwa katika uji au chakula kingine. Mziwaziwa, mmea mdogo unaoota kando ya njia na kutoa utomvu mweupe, ambao wataalamu wa mimea huuita Euphorbia hirta, umetumiwa kwa kusudi hilo hilo katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Majani ya mlonge, yenye protini na madini mengi, yameingia kwa nguvu zaidi katika miongo ya karibuni, yakiuzwa yakiwa unga. Orodha hii ni ndefu, na kila ua uliongeza jambo lake. Lakini kabla ya kuhukumu kama viungo hivyo vilifanya kazi, hapana budi kueleza jinsi maziwa yanavyotengenezwa.

Maziwa yanavyokuja

Mara kondo la nyuma linapotoka, kiwango cha homoni ya projesteroni, ambayo wakati wa ujauzito huyazuia matiti yasitoe maziwa mengi, hushuka ghafla, na kwa kawaida maziwa huanza kujaa kati ya siku ya pili na ya nne. Kuanzia hapo uzalishaji hutegemea zaidi jinsi maziwa yanavyotolewa. Mtoto anaponyonya, mishipa ya fahamu ya chuchu hupeleka habari kwenye ubongo, na tezi ndogo iliyo chini yake hutoa homoni mbili: prolaktini, ambayo huamuru maziwa yatengenezwe, na oksitosini, ambayo huibana misuli midogo ndani ya titi ili maziwa yashuke na kutoka. Titi lililojaa kwa muda mrefu hupunguza kasi ya kutengeneza, ilhali titi linalonyonywa mara kwa mara huiongeza, na kwa kuwa prolaktini hupanda zaidi usiku, kunyonyesha usiku kuna uzito wa pekee. Ndiyo sababu wataalamu hushauri mtoto mchanga anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, ashike vizuri sehemu kubwa ya titi badala ya ncha ya chuchu peke yake, na abaki akigusana ngozi kwa ngozi na mama yake tangu saa ya kwanza.

Homoni ya oksitosini ina tabia nyingine iliyo muhimu kwa historia hii, nayo ni kwamba huathiriwa na hali ya moyo. Mwaka 1948 watafiti wa Marekani Michael na Niles Newton walichapisha matokeo ya jaribio ambalo mama anayenyonyesha alisumbuliwa makusudi kwa maumivu, kwa maji baridi na kwa maswali ya hesabu, nao wakaona kwamba maziwa aliyopata mtoto yalipungua mama alipobughudhiwa, ingawa yalikuwamo titini, na kwamba alipodungwa oksitosini yaliweza kushuka tena. Hofu, maumivu na uchovu huzuia maziwa kushuka, na maziwa yasiyotoka huliambia titi lisitengeneze mengine.

Kuhusu vyakula na mimea, ushahidi ni mwembamba zaidi kuliko imani. Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, yaani uchambuzi unaokusanya na kupima majaribio mengi kwa pamoja, yalikagua majaribio 41 ya dawa, vyakula na mimea ya kuongeza maziwa, ukiwamo uwatu, na kuhitimisha kwamba baadhi ya mimea na vyakula huenda vikasaidia, lakini kwamba uhakika wa matokeo hayo ni mdogo sana. Hitimisho hilo halimfanyi bibi aliyepika uji kuwa mdanganyifu. Mwanamke anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi ya kawaida na maji ya kutosha kukata kiu yake, na uji wa moto, supu na mtori vilimpa vyote viwili kwa namna inayomeng'enywa kwa urahisi. Kukandwa kulilegeza misuli na kuondoa maumivu. Na mikono ya jamaa iliyobeba kazi zote za nyumba ilimwacha mzazi kitandani na mtoto wake, ambako aliweza kunyonyesha kila mtoto alipotaka, mchana na usiku, kwa siku arobaini mfululizo. Yote ambayo elimu ya homoni inayataka, yaani ukaribu, marudio, utulivu na lishe, arobaini iliyatimiza bila kuyajua kwa majina hayo, na sifa ikapewa pilipili manga.

Hata hivyo, kuithamini desturi si kuificha sehemu yake yenye madhara. Katika familia nyingi dang'a, yaani maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, yalionekana kuwa machafu, yakakamuliwa na kumwagwa, na mtoto akapewa maji ya sukari akisubiri maziwa meupe; lakini dang'a ndiyo yenye wingi wa kingamwili, yaani chembe za protini zinazomkinga mtoto na maradhi, na kulicheleweshea titi unyonyaji ni kuchelewesha maziwa yenyewe. Maji yenye joto kupita kiasi yaliwahi kuwaunguza wazazi. Zaidi ya hayo, imani ya kubemenda, ambayo husema kwamba mtoto hudhoofika wazazi wake wanapokutana kimwili mapema au mmoja wao anapotoka nje ya ndoa, iliwapa wanawake muda wa kupumzika na kupishanisha uzazi, lakini pia iliwatwika akina mama lawama kila mtoto alipokonda, na hivyo mtoto aliyehitaji matibabu akaletewa tuhuma. Kilio cha mtoto nacho kilitafsiriwa haraka kuwa ni njaa. Akapewa maji au uji akiwa na wiki chache, akashiba, akanyonya kidogo, titi likapunguza kutengeneza, na familia ikaona imethibitisha kwamba mama hana maziwa.

Kopo, sheria na kliniki

Wasiwasi wa kukosa maziwa ndio mlango ambao biashara iliupitia. Utawala wa kikoloni katika Afrika haukuiachia desturi nafasi yake: katika Kongo ya Wabelgiji, kwa mfano, maofisa na waajiri waliona kwamba unyonyeshaji wa muda mrefu unapunguza idadi ya vizazi na kwa hiyo ya wafanyakazi wa baadaye, wakahimiza uachishwe mapema. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, ambaye miaka michache kabla alikuwa ameueleza ugonjwa wa kwashakoo, aina ya utapiamlo wa watoto, akiwa Gold Coast (Ghana ya leo), alisimama Singapore na kuitaja biashara ya maziwa ya kopo kwa watoto maskini kuwa ni mauaji. Katika Afrika Mashariki sauti kubwa ilitoka Kampala, ambako Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto katika Chuo cha Makerere na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago, alionyesha jinsi chupa ilivyogeuka chanzo cha kuhara na utapiamlo pale ambapo maji si safi, kuni ni ghali, na kopo moja hukorogwa hafifu ili lidumu wiki kadhaa. Hali hiyo ndiyo ya viunga vya Dar es Salaam vyenyewe, ambako maji yalinunuliwa kwa ndoo na vyoo vya shimo vilipakana na visima.

Shirika la War on Want la Uingereza lilichapisha mwaka 1974 kijitabu kilichoyashtaki makampuni ya maziwa ya watoto, kampeni ya kususia bidhaa za kampuni ya Nestlé ikaanza Marekani mwaka 1977, na tarehe 21 Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama kwa kura 118, Marekani ikiwa nchi pekee iliyopinga. Tanzania haikuwa mtazamaji. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, iliyotumia redio na vikundi vya kusikiliza, ilipeleka elimu ya lishe vijijini na mitaani. Huduma za mama na mtoto zilizopanuliwa katika muongo huo ziliweka mikononi mwa kila mama kadi ya kliniki yenye mchoro wa ukuaji, na kadi hiyo ilileta jambo jipya: kwa mara ya kwanza mabishano kuhusu kama maziwa yanatosha yaliweza kuamuliwa kwa mizani, kwa kuwa mtoto anayeongezeka uzito na kukojoa mara nyingi anapata maziwa ya kutosha hata akilia.

Baada ya Azimio la Innocenti la kulinda unyonyeshaji, lililotolewa Florence, Italia, mwaka 1990, ulikuja mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, unaozitaka hospitali zimweke mtoto kitandani kwa mama yake, zimsaidie mama kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza na zisigawe maziwa ya kopo. Tanzania iliuanza mpango huo katika miaka ya 1990, ikatunga kanuni za kuzuia utangazaji wa vibadala mwaka 1994 na kuzifanya upya mwaka 2013. Katika hospitali za Mwananyamala, Temeke na Amana, zinazobeba umati wa wazazi wa jiji, dang'a ikaacha kuwa uchafu na kuwa chanjo ya kwanza ya mtoto. Takwimu za kitaifa zinaonyesha mabadiliko hayo: kati ya watoto wenye umri wa chini ya miezi sita, walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 41 katika utafiti wa mwaka 2004/05, asilimia 50 mwaka 2010, asilimia 59 mwaka 2015/16 na asilimia 64 mwaka 2022.

Safari hiyo ilikaribia kukatishwa na UKIMWI. Ilipojulikana kwamba virusi huweza kupita katika maziwa, wanawake wenye maambukizi walishauriwa kuepuka kunyonyesha au kuachisha mapema, na katika mitaa ya Dar es Salaam mama asiyenyonyesha alishukiwa mara moja na majirani kuwa na virusi. Utafiti uliofanyika jijini humo humo, ulioongozwa na Charles Kilewo na kupewa jina la Mitra Plus, ulionyesha mwaka 2009 kwamba mama akitumia dawa za kufubaza virusi wakati wote wa kunyonyesha, watoto wanaoambukizwa kwa njia ya maziwa huwa wachache sana, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaruhusu kunyonyesha kwa kinga ya dawa. Ushahidi kutoka Dar es Salaam ulisaidia kuwarudishia mamilioni ya wanawake haki ya kunyonyesha.

Mikono ilikokwenda

Wakati elimu ya kliniki ikipanda, mpangilio wa nyumbani ulikuwa ukishuka. Thamani ya mishahara ya wafanyakazi wa mjini iliporomoka kuanzia miaka ya 1970, na mtafiti Aili Mari Tripp, aliyefanya uchunguzi Manzese na Buguruni mwishoni mwa miaka ya 1980, alieleza jinsi wanawake walivyoingia kwa wingi katika biashara ndogondogo na kuwa tegemeo la kaya zao. Mama lishe, yaani muuza chakula, aliyejifungua anapoteza mteja kila siku anayokaa ndani, na muuza genge wa Mbagala hana mwajiri wa kumlipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, pamoja na saa zisizozidi mbili kila siku za kunyonyesha wakati wa kazi; lakini mkataba ndio unaofungua mlango wa haki hizo, na wanawake wengi wa viunga hivi hawana mkataba na mtu yeyote. Bibi naye yuko Kigoma au Mtwara, nauli ya basi ni gharama, na chumba kimoja cha kupanga hakina mahali pa kumlaza. Shangazi yuko sokoni. Mzazi anatoka wodini akiwa amekaa saa 24 au pungufu, na kabla wiki ya pili haijaisha anachota maji mwenyewe.

Mwaka 2011 Columba Mbekenga na wenzake walichapisha utafiti kuhusu matunzo yasiyo rasmi wanayopata wazazi wa mara ya kwanza katika viunga vya kipato cha chini vya Dar es Salaam, nao walionyesha kwamba ndugu, majirani na marafiki bado ndio wenye mchango mkubwa baada ya mama kutoka hospitali, na kwamba ushauri wao huchanganya mambo yenye faida na yale yanayoweza kudhuru. Matokeo hayo yana maana kubwa kwa sababu yanathibitisha kwamba utaratibu wa kulea haujafa. Umebaki bila wakati, bila nafasi na bila elimu mpya. Mahali pake pamechukuliwa na bidhaa: unga wa lishe wenye ahadi ya kujaza maziwa, vifuko vya mlonge na uwatu, na kopo la maziwa kwenye rafu ya duka la dawa. Mwanamke anaambiwa atafute maziwa katika kitu cha kununua, ilhali kinachomkosesha mara nyingi ni usingizi, mlo na mtu wa kumshikia ndoo.

Historia hii inatoa mafunzo yanayoweza kutendwa. Mhudumu wa afya ya jamii anayemtembelea mzazi hana budi kuketi pia na bibi, mama mkwe, mume na jirani, kwa kuwa hao ndio wataamua kama mtoto atapewa maji siku ya tatu na kama mama atalala mchana. Elimu ya dang'a na ya jinsi ya kumshikisha mtoto titi ingepata nguvu kubwa kama ingepitia kwa makungwi na wakunga wa jadi, ambao kwa vizazi vingi wamesikilizwa kuliko mabango ya kliniki. Serikali za mitaa zinazojenga masoko zinaweza kutenga chumba ambamo muuza mboga atanyonyesha na kukamua, na vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, vilivyoenea katika kila mtaa, vinaweza kuufanya uzazi kuwa sababu halali ya mwanachama kupewa fungu la kumkimu kwa siku arobaini. Uji wa pilipili manga na mtori viendelee kupikwa, kwa kuwa ni chakula chema na ni heshima kwa mzazi. Lakini aliyeviandaa, akakaa, akafua nguo za mtoto na kumwambia mama alale, ndiye aliyekuwa sehemu kubwa ya dawa, na jiji linalotaka watoto wake washibe maziwa ya mama zao halina budi kumrudisha mtu huyo nyumbani kwa mzazi na kumpa wakati wa kukaa.